Muulize Mkaguzi Kabla ya Plasta

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama wa reli mkutanoni, Mombasa)

Nimeombwa niseme machache juu ya stima za majumbani. Mimi si fundi wa stima. Nitasema yaliyonipata.

Mwaka jana nilitiliwa soketi mbili katika nyumba tunayopanga Mji wa Kale. Fundi alikuja usiku, asubuhi tukapiga plasta. Mvua za Mei zikaja. Ninyi mwazijua kuta zile, mawe ya matumbawe na chokaa, hunywa maji na chumvi. Mke wangu akashika friji, akatupwa chini. Mungu alimponya. Tulipobomoa plasta tukakuta kiungo kimefungwa kwa nailoni, na waya wa ardhi umeishia humo humo, haukwenda popote. Stima iliyovuja ikakaa katika bati la friji, na fyuzi haikukatika.

Ndipo nikaenda kwa mkaguzi wa majengo wa Kaunti. Nilikwenda kwa hofu, maana tumezoea kumwona kama askari. Neno lake la kwanza lilikuwa: "Ungekuja kabla ya plasta, ningeona." Akaniambia yeye hutazama jengo: ukuta gani usichimbwe, boriti gani isikatwe. Kwa nyumba za kale niulize pia ofisi ya hifadhi ya Mji wa Kale, iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa. Waya zenyewe ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EPRA. Huyo hupima, kisha hutia sahihi cheti, na Kenya Power hukitaka cheti hicho kabla ya kuipa nyumba mpya stima. Basi mwombe fundi leseni, usome daraja lake na mwaka. Akikasirika, mwache aende zake.

Wako watakaosema, nikimwita mkaguzi nimejiletea faini. Mimi nilikwenda na mchoro wa penseli kwenye karatasi ya daftari, nikauliza, nikarudi nyumbani. Sikulipa hata senti. Kule karakana behewa halitoki bila sahihi ya mkaguzi, wala hatuoni haya. Mbona watoto wetu walale chini ya waya usiotazamwa na mtu?

Habari ya mwenye nyumba ni ndefu. Wangu alikataa kwanza. Nilipompeleka akaone kile kiungo, akatoa nusu ya gharama.

Naomba kamati imwalike mkaguzi pamoja na fundi mwenye leseni Jumamosi moja, waje tuwaulize. Anayetaka aandikishe jina kwa katibu, na aje na mchoro wake.