Refa Naye ni Mtoto wa Mtu

(Haya ni mazungumzo tuliyotoa mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia waliokutana kupanga mashindano ya mpira ya likizo. Tumeyaandika hapa kwa faida ya vikundi ambavyo havikuweza kufika.)



Tumeombwa tuzungumze juu ya mashindano ya likizo. Tunajua wengine wenu mmekuja mkitarajia kusikia habari za mipira, jezi na kikombe. Hayo ni muhimu, lakini leo tunataka kuzungumza juu ya mtu mmoja ambaye kila mara tunamkumbuka mwisho kabisa. Mtu huyo ni refa.

Kikundi kikiamua kuandaa mashindano, kinajipanga vizuri. Mweka hazina anakusanya michango. Mbuzi wa zawadi anatafutwa. Mgeni wa heshima anaandikiwa barua. Akina mama wanagawana kazi ya chai. Halafu siku yenyewe inafika, saa nane mchana, timu zimeshavaa, ndipo mtu anauliza, "Kwani nani atapuliza?" Hapo tunaangaza macho huku na huku, tunamwona mwalimu fulani au kijana fulani aliyewahi kucheza, na tunamwambia, "Wewe, shika filimbi." Basi, tunaona tumemaliza kazi.

Sisi tunaozungumza nanyi tumefanya hivyo miaka mingi. Ndiyo sababu tumekuja kuwaeleza yaliyotupata, ili nyinyi msirudie.

Siku ambayo hatukuinuka

Likizo moja ya Agosti tuliandaa mashindano ya watoto wasiozidi miaka 14. Fainali ilikuwa kati ya vijiji viwili vya jirani, watu wanaochota maji kisima kimoja na kuoana. Filimbi tulimpa kijana wetu mmoja wa kidato cha tatu. Alikuwa kijana mtulivu, na sheria alikuwa amezisoma katika kitabu kidogo alichoazima kwa mwalimu. Hakuwa na wasaidizi wa kushika vibendera. Mistari tulikuwa tumeichora kwa majivu, na kufikia kipindi cha pili ilikuwa imefutwa na miguu. Magoli hayakuwa na nyavu.

Dakika za mwisho mtoto mmoja akapiga mpira kwa nguvu, ukapita karibu sana na mlingoti. Wa upande huu wakaruka wakisema ni goli. Wa upande ule wakasema umepita nje. Kijana wetu alikuwa mbali, na jua lilikuwa likimpiga usoni. Akaamua kwamba si goli.

Baadhi yenu mlikuwako, mnakumbuka. Watu wazima waliingia uwanjani. Mmoja alimkamata shati. Mama mmoja alimpiga kwa mwavuli. Halafu jiwe likarushwa, likampita karibu na sikio. Kijana alikimbia mpaka kwenye jiko la shule, akajifungia humo hadi giza likaingia. Wale watoto waliokuwa wakicheza walibaki wamesimama na mpira wao, wakiwatazama wazazi wao.

Na sisi wa kamati je? Tulikuwa tumekaa kwenye viti chini ya mti pamoja na mgeni wa heshima. Hatukuinuka. Kila mmoja alimtazama mwenzake aone nani ataanza.

Kesho yake tulikwenda kwa mama yake kuomba radhi. Alitukaribisha, akatupa chai, kisha akatuambia neno moja ambalo hatujalisahau: "Mlimpa mtoto wangu filimbi, lakini hamkumpa watu."

Kuna jambo lingine lazima tuliseme. Siku chache baadaye, mlinda lango wa timu ile iliyofaidika na uamuzi, mtoto wa miaka 12, alitunong'onezea kwamba mpira uliingia. Kwa hivyo kijana wetu alikosea. Lilikuwa goli. Tunalitaja jambo hili kwa sababu watu wengi wanafikiri kumtetea refa ni kusema kwamba hakukosea. Sivyo. Refa ni binadamu, atakosea, kama vile mchezaji anavyokosa penalti. Kukosea kwake si ruhusa ya kumrushia jiwe.

Kazi ni ngumu kuliko inavyoonekana

Sheria za mpira ni 17. Ukizisoma ukiwa umekaa kivulini zinaonekana rahisi. Chukueni mfano wa goli. Sheria inasema si goli mpaka mpira mzima uwe umevuka mstari wote, kati ya milingoti na chini ya mwamba. Ukibaki sehemu ndogo tu juu ya mstari, bado. Sasa mtu mmoja anayekimbia, bila msaidizi, bila nyavu, na mstari wenyewe umefutika, ataliona jambo hilo namna gani? Katika mashindano makubwa ya dunia refa ana wasaidizi wawili wenye vibendera, na siku hizi kuna kamera za kurudia picha. Na bado watu wanabishana mpaka asubuhi. Huyu wetu ana macho mawili tu.

Sheria hizo hizo zinasema uamuzi wa refa juu ya yaliyotokea mchezoni ni wa mwisho. Akigundua amekosea anaweza kuubadilisha, lakini iwe kabla mchezo haujaanzishwa tena. Baada ya hapo, basi. Sheria hii haikuwekwa kwa sababu refa ni malaika. Bila sheria hii kila goli lingeamuliwa na wenye sauti kubwa, na mtoto wa kijiji kidogo asingeshinda kamwe.

Siku hizi watu wanakuja na video kwenye simu na kusema, "Ona hapa!" Video ni nzuri. Mwiteni refa kesho yake, akiwa ametulia, mtazame naye ajifunze. Lakini haiwezi kuwa sababu ya kumzingira jioni ile ile.

Si kwetu peke yetu

Msifikiri tabia hii ni ya hapa kwetu tu. Huko Marekani watoto hucheza mchezo unaoitwa besiboli. Mtoto mmoja anarusha mpira mdogo mgumu, na wa timu nyingine anajaribu kuupiga kwa gongo. Mwamuzi anasimama nyuma yao amevaa kinga ya uso. Kila mpira ambao mpigaji ameuacha upite, mwamuzi lazima aseme papo hapo kama ulikuwa halali, yaani kama ulipita juu ya kibao kilicholazwa chini, usawa wa kati ya magoti na kifua cha mpigaji. Hewani hakuna mstari. Ni macho yake tu. Na wazazi wamekaa nyuma ya uzio, hatua chache kutoka mgongoni mwake, kila mmoja ana hakika kwamba ameona vizuri zaidi.

Mwaka wa 2023, katika mji wa Deptford, jimbo la New Jersey, chama cha besiboli cha watoto kilipoteza waamuzi wawili waliochoshwa na matusi. Chama kikaweka sheria mpya: mtu mzima atakayemtusi mwamuzi hataruhusiwa kurudi kutazama mpaka kwanza asimamie mechi tatu yeye mwenyewe. Adhabu ni kupewa kazi ile ile aliyosema ni rahisi. Sisi tuliposikia tulicheka, halafu tukaona kuna hekima ndani yake.

Habari ya Uholanzi haikutuchekesha. Mwezi wa Desemba 2012, katika mji wa Almere, mzazi mmoja aitwaye Richard Nieuwenhuizen alijitolea kushika kibendera katika mechi ya vijana ambayo mwanawe alicheza. Baada ya mechi, vijana wa timu ya upande wa pili walimpiga kwa mateke. Alifariki kesho yake. Alikuwa na umri wa miaka 41. Chama cha mpira cha nchi hiyo kilisimamisha mechi za wachezaji wasiolipwa mwisho wa juma uliofuata, na mwaka wa 2013 mahakama iliwatia hatiani vijana kadhaa pamoja na baba wa mmoja wao. Tuliposoma habari hiyo tulilikumbuka jiwe letu. Lile lilipita kando ya sikio. Hatukuwa wazuri kuliko watu wa Almere. Tulikuwa na bahati tu.

Hata hapa Kenya kuna walioonyesha njia nzuri. Chama cha michezo cha vijana wa Mathare, MYSA, kilichoanzishwa Nairobi mwaka wa 1987, kilifanya timu zipate pointi za ligi si kwa magoli tu bali pia kwa kusafisha mitaa yao. Pia kilimpa refa kadi ya kijani, ya kumpongeza mchezaji aliyeonyesha nidhamu kuliko wenzake. Fikirini jambo hilo. Mtoto aliyezoea kumwona refa kama askari, sasa anaona kwamba refa anaweza pia kumsifu.

Tunavyofanya sasa

Baada ya aibu ile, mwaka uliofuata hatukuwa na mashindano. Hakuna kijana aliyekubali kupuliza. Likizo nzima uwanja ulikaa bure, vijana wakazurura sokoni. Ndipo tulipokaa chini tukakubaliana mambo haya:

1. Refa anatafutwa kwanza, kabla ya mbuzi. Asiwe wa ukoo wala shule ya timu inayocheza. Nauli yake na posho yake anapewa kabla ya mechi, ili asije akategemea furaha ya mshindi.

2. Mambo ya umri yanaamuliwa na kamati juma moja kabla, kwa cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki. Refa asiletewe uwanjani kesi ya mchezaji mwenye ndevu. Mamluki wakamatwe mezani, si katikati ya mechi.

3. Uwanja unatayarishwa. Majivu yanarudiwa wakati wa mapumziko. Nyavu tulizisuka wenyewe kwa kamba ya katani. Kamba nyingine imezunguka uwanja, hatua tatu nje ya mstari, na watazamaji wote wanakaa nyuma yake.

4. Wanaoshika vibendera ni wawili, nao wanatoka kijiji kisichocheza.

5. Anayezungumza na refa ni nahodha peke yake, tena kwa heshima. Hata mashindano ya mataifa ya Ulaya ya mwaka wa 2024 yalifuata utaratibu huu. Kocha na wazazi wenye malalamiko wanayaandika na kuyaleta kwa kamati.

6. Kila kijiji kinatoa wazee wawili. Hao hawakai kwenye viti, wanasimama kando ya kamba. Kazi yao ni kuwatuliza watu wao wenyewe. Mtu akikemewa na mzee wa kwao anasikia upesi kuliko akikemewa na mgeni.

7. Mgeni wa heshima akichelewa, mpira unaanza. Mechi nyingi zimeharibika kwa sababu zilimalizika gizani tukingoja gari la mkubwa.

8. Kijana anayejifunza anaanza na mechi za watoto wadogo kabisa, na refa mzoefu anakuwa kando. Mechi ikiisha wanakaa pamoja, wanazungumza juu ya yaliyokuwa mazuri na yaliyoharibika.

Mtaona kwamba mengi ya hayo hayahitaji harambee. Gharama kubwa ilikuwa kamba. Kilichobaki ni sisi wenyewe kukubali kuinuka.

Je, matata yamekwisha? Hapana. Bado watu wanapiga kelele, na mwaka juzi mzee mmoja wa kutuliza watu alisahau kazi yake akaanza kumzomea refa yeye mwenyewe. Ilibidi mzee mwenzake amshike mkono. Lakini hakuna aliyevuka kamba.

Mtatuuliza habari za yule kijana. Alimaliza shule, sasa anafanya kazi ya useremala hapa hapa. Filimbi hajaishika tena, na hatujamlazimisha. Katika mashindano yetu ya mwisho alikuja akasimama nyuma ya kamba, mbali na watu. Wakati wa mapumziko tulimwona ameinama na debe la majivu, anarudia mstari wa goli, polepole, kutoka mlingoti huu hadi ule. Hakuna aliyemwomba. Alipomaliza alilirudisha debe mahali pake, akarudi nyuma ya kamba.



Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Katika mechi yetu ya mwisho, refa alitafutwa lini na nani?
2. Watu wakiingia uwanjani kwa hasira, nani kati yetu ataenda kusimama karibu na refa? Tumtaje kwa jina leo.
3. Je, kijiji chetu kinaweza kukubali sheria ya Deptford, kwamba anayemtusi refa apewe filimbi?
4. Ni kijana gani hapa kwetu aliyeacha kazi ya urefa kwa sababu yetu? Tumwendee na neno gani?