Paka Naye Huambukiza

Akina mama na vijana wa vikundi, leo tuzungumze juu ya paka wetu wa Mji wa Kale.

Hapa Kibokoni kila kichochoro kina paka wake, na twawapenda, wanatumalizia panya. Lakini wengi wetu twadhani kichaa cha mbwa ni cha mbwa tu. Sivyo. Mbwa mgonjwa humuuma paka, paka naye humuuma mtoto. Ugonjwa umo katika mate.

Mtoto akiumwa au akikwaruzwa, tusimpake pilipili wala mafuta ya taa. Tuoshe jeraha papo hapo kwa sabuni na maji mengi, dakika 15 nzima, kisha hospitali siku hiyo hiyo akachanjwe. Tusingoje dalili. Zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa.

Kenya ilipanga mwaka 2014 kumaliza vifo hivi ifikapo 2030. Sisi je? Sindano si moja, basi kila kikundi kitenge akiba ya nauli. Paka na mbwa wa nyumbani wachanjwe. Na watoto tuwaambie: aliyeumwa aseme, hatapigwa. Anayeficha jeraha kwa kuogopa fimbo ndiye tutakayemzika.