Je, Kansa Iko Kwenye Damu ya Ukoo?

(Mazungumzo na akina mama na wazee wa jumuiya, Kimana)

Najua kuna watu wana zamu ya maji mchana huu, kwa hiyo sitawakawisha.

Limenileta jambo moja. Mama mmoja wa hapa kwetu alifariki kwa kansa ya utumbo mkubwa. Hata mwezi haujaisha, nikasikia uchumba wa binti yake umevunjwa, ati kansa iko kwenye damu ya nyumba ile. Nilihuzunika sana.

Sasa tuelewane. Mwili umejengwa kwa chembe ndogo ndogo, seli, na kila seli ina maagizo yanayoiongoza. Maagizo hayo ndiyo jeni. Ziko jeni tatu za jamii moja zinazoitwa RAS. Kazi yake ninyi mnaolima nyanya mtaielewa upesi. Zamu yako ikifika unafungua lango la mfereji, maji yanaingia shambani, yakitosha unafunga. RAS nayo hufungua ili seli igawanyike, halafu hufunga. Jeni hiyo ikiharibika, lango linakwama wazi, na seli inagawanyika bila kuambiwa. Mnajua nyanya zinavyokuwa maji yakikesha shambani!

Na kosa lenyewe ni dogo ajabu. Mwaka 1982 wataalamu wa Marekani walilinganisha jeni ya RAS iliyotoka kwenye kansa ya kibofu na ile ya kawaida. Wakakuta tofauti ni herufi moja tu. Lango moja peke yake kwa kawaida halileti kansa, lazima makosa mengine yaongezeke, pengine kwa miaka mingi. Lakini katika kansa ya kongosho kosa la RAS hukutwa kwa wagonjwa kama 9 kati ya 10, na katika kansa ya utumbo mkubwa kama 4 kati ya 10.

Hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri. Kosa hili la kansa kwa kawaida huanza katika seli moja, mtu akiwa ameshakua, mara nyingi ameshazeeka. Halikutoka kwa baba wala mama, na mtoto halirithi. Nisiwafiche, ziko familia chache ambazo kansa ya utumbo inarithiwa, ila kwa jeni nyingine. Kama kwenu wameugua ndugu wawili watatu, tena wakiwa vijana, mwambieni daktari. Hiyo ni sababu ya kupimwa mapema, si ya kuvunja uchumba.

Kuna na habari ya pesa. Iko dawa ya dripu, ya bei kali, inayopewa wagonjwa wengine wa kansa ya utumbo iliyosambaa. Kazi yake ni kumzuia anayeagiza lango lifunguliwe. Sasa lango likiwa limekwama wazi, lenyewe halingoji agizo! Dawa hiyo haitamsaidia mgonjwa huyo. Basi kabla hamjauza ng'ombe, mwulizeni daktari, "Kipimo cha RAS kimefanywa?" Si utovu wa adabu kuuliza. Dawa ya kwanza ya kulishika lango lenyewe iliidhinishwa Marekani mwaka 2021 tu, kwa aina moja ya kansa ya mapafu.

Yule mama alitokwa damu chooni karibu mwaka mzima. Kila akienda kliniki anapewa dawa ya amiba. Akiona haya kusema zaidi, anarudi nyumbani. Amiba ipo, bawasiri ipo, sikatai. Lakini damu ikirudi baada ya dawa, au choo kikibadilika kwa wiki kadhaa, au mtu akikonda bila sababu, aende hospitali ya Loitokitok aombe kuandikiwa kipimo cha kamera, hata kama ni kupelekwa Nairobi.

Nitakaa hapa mpaka saa nane. Mwenye jambo la siri anifuate kule chini ya mti, na wazee pia, msiogope.