Utulivu Usio Tiba

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, nakuusieni, pamoja na nafsi yangu, kumcha Mwenyezi Mungu. Leo tuikumbuke amana iliyomo majumbani mwetu: mgonjwa wa maradhi ya muda mrefu, na kidonge anachopewa ili alale.

Wagonjwa wetu huvuka ziwa kutoka Ukerewe na Sengerema, wakapanda kilima cha Bugando, ambako hospitali ilifunguliwa mwaka 1971. Safari ni ndefu na nauli ni nzito. Basi mzee akikosa usingizi, jamaa huona wepesi kwenda duka la jirani na cheti kikuukuu, wakanunua diazepamu, dawa iliyoingia sokoni mwaka 1963 kwa jina la Valium. Mzee hulala, nyumba ikatulia, nasi tukasema amepata nafuu.

La, hakupata nafuu, amenyamazishwa. Mwenye moyo dhaifu huamka kwa kukosa pumzi, mwenye kisukari huamka kwa mkojo, mwenye baridi yabisi huamka kwa maumivu. Kukosa usingizi ni shahidi wa maradhi, nasi tunamziba shahidi kinywa. Tena dawa hiyo huweza kudhoofisha pumzi ya mwenye mapafu mabovu, na ini lililochakaa hushindwa kuiondoa mwilini, akili ikavurugika. Mzee huamka akiwa na kizunguzungu, akaanguka na kuvunjika nyonga. Mwaka 1991 daktari Mark Beers wa Marekani na wenzake waliitaja miongoni mwa dawa zisizowafaa wazee.

Mtume wetu (S.A.W.), katika hadithi aliyoipokea Abu Daud, ametufundisha kwamba anayetibu watu hali hajulikani kwa ujuzi wa tiba, dhamana ya madhara iko juu yake. Na tabibu mwenye ujuzi naye ataulizwa: je, ulitafuta kinachomwamsha mgonjwa, au uliandika dawa ili foleni isonge?

Wala hatusemi dawa hii ni haramu. Wako wanaoihitaji, kama mwenye degedege. Na aliyeizoea asiiache ghafla, maana huweza kushikwa na degedege. Daktari ndiye ampunguzie kidogo kidogo. Mpelekeni mgonjwa pamoja na vidonge vyote anavyotumia, msifiche hata kimoja, na muulize: dawa hii ni ya nini, na ni ya siku ngapi?

Ndugu zangu, unaponyoosha mkono kumpa mzazi wako kidonge cha usingizi, jiulize: nataka apumzike yeye, au nataka kupumzika mimi?

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, wape subira wanaowauguza, na utujaalie kuwa waaminifu wa amana. Amin.