Mkataba wa Taka Husimamiwa Mtaani: Uzoefu wa Dar es Salaam



Nimeombwa nizungumzie usimamizi wa mikataba ya kuzoa taka za majumbani. Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Zabuni tunaitangaza vizuri na mkataba unasainiwa mbele ya mwanasheria. Baada ya miezi michache gari halionekani, na lawama zote zinamwangukia mtendaji wa mtaa, ambaye mkataba wenyewe hajawahi kuusoma. Hoja yangu ni moja: mkataba usiojulikana mtaani hauna msimamizi.

1. Tulikotoka

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Jiji lilikuwa likizoa taka kwa magari yake lenyewe, na sehemu kubwa ya taka ilibaki mitaani au ilifukiwa uani. Mwaka 1994 kampuni binafsi moja ilikabidhiwa kata za katikati ya Jiji. Baada ya Halmashauri ya Jiji kuvunjwa mwaka 1996, Tume ya Jiji iliongeza wakandarasi, ikaigawa kazi kwa kata, na vikundi vya kijamii vikaingia pamoja na makampuni. Manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke zilipoanzishwa mwaka 2000 ziliendelea na utaratibu huo.

Kilichokabidhiwa ni kazi. Wajibu ulibaki palepale. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazitaka serikali za mitaa zidhibiti taka ngumu katika maeneo yao. Mkandarasi akishindwa, halmashauri ndiyo iliyoshindwa.

2. Fedha inatoka wapi

Katika utaratibu tuliouzoea, mkandarasi hukusanya ada nyumba kwa nyumba na kuishi kwa makusanyo hayo. Hata malipo yakipitia mashine ya halmashauri, pato lake bado linategemea mwananchi alipe.

Tuchukue mtaa wa mfano wenye kaya 800, kila kaya ikidaiwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Zote zikilipa, zinapatikana shilingi 1,600,000. Safari moja ya gari, pamoja na mafuta, vibarua na ada ya dampo, tuiweke shilingi 160,000. Hapo zinatoka safari kumi. Nusu ya kaya zikigoma, zinabaki safari tano, na faida hapo bado haijaguswa. Mkandarasi anapunguza safari, taka zinalundikana, na waliokuwa wakilipa nao wanauliza wanalipia nini. Faini peke yake haitaukata mzunguko huu, kwa sababu inamwondolea fedha za mafuta mtu ambaye tayari hana.

Umbali nao una gharama yake. Wakazi wa Tabata walilishtaki Jiji mwaka 1988 kwa sababu ya moshi na harufu ya dampo, wakashinda. Baada ya hapo dampo lilihamia Vingunguti, kisha Mtoni, na hatimaye Pugu Kinyamwezi, mbele ya Gongo la Mboto. Gari la kutoka Msasani linavuka mji mzima kufika huko. Kumpa mkandarasi wa Msasani hesabu ileile ya safari na mwenzake wa Ukonga ni kumsukuma atafute njia ya mkato, na njia hiyo mara nyingi huishia bondeni.

3. Mambo yanavyokwenda mtaani

Kwenye vichochoro vya Manzese au Tandale gari haliingii. Anayeingia ni kijana mwenye guta, anayepakia viroba vya salfeti na kuvisukuma hadi barabarani. Gari likichelewa, viroba vinakaa hapo. Sehemu kubwa ya taka zetu ni maganda na mabaki ya jikoni. Baada ya siku mbili kiroba kinavuja, mbwa wanakipasua, na mvua ikinyesha kila kitu kinaingia mtaroni. Ripoti ya mkandarasi itaonyesha kwamba kaya zimehudumiwa. Mtendaji aliyepita saa nne asubuhi ndiye anayejua kuwa taka zimehamishwa mita mia mbili tu.

4. Mapendekezo

Kwanza, ratiba ya kila mtaa, yenye siku na saa, iwe kiambatisho cha mkataba na ibandikwe ofisi ya serikali ya mtaa.

Pili, daftari la kaya, wapangaji wakiwemo, liandaliwe kabla ya zabuni. Mzabuni asiyejua idadi ya kaya anabahatisha bei.

Tatu, hati ya kukamilika kwa kazi isainiwe na mtendaji wa mtaa kila wiki, na ilinganishwe na stakabadhi za dampo. Mtaa uliosafishwa pasipo stakabadhi ya dampo unahitaji maelezo.

Nne, wasiolipa wafuatiliwe na halmashauri kupitia sheria ndogo. Kijana wa guta hana mamlaka ya kumdai mtu.

Tano, halmashauri itenge fungu la kufidia mitaa ya mbali na ile isiyopitika, ili mkandarasi asichague nyumba za kandokando ya lami.

Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji sheria mpya. Tukianza na la pili, mzunguko ujao wa zabuni utatukuta na idadi ya kaya mkononi, na hapo ndipo tutakapokuwa na haki ya kumuuliza mkandarasi nyumba ipi ameiruka.