Kusoma Fasihi si Kukariri Noti

(Hotuba ya mwanachama wetu, mwalimu mstaafu, mbele ya wanafunzi wa Kidato cha Tatu na cha Nne, siku ya mkutano wetu wa mwaka.)



Nimeombwa niwakumbushe vijana mambo ya msingi katika fasihi, kwa kuwa mtihani hauko mbali. Asubuhi ya leo nilipita madarasani nikawauliza wanafunzi watatu, "Fani ni nini?" Wote walijibu bila kusita, tena kwa maneno yaleyale. Lakini nilipowauliza fani hiyo imemsaidiaje mwandishi wa kitabu wanachokisoma, walitazamana. Siwalaumu. Hata sisi wenye mvi tulioketi hapa mbele tulikuwa hivyohivyo. Tulikariri noti za mwalimu, tukapasi, na vitabu vyenyewe baadhi yetu hatukuvimaliza.

Basi tuanze na msingi. Kila kazi ya fasihi ina maudhui, yaani yale yasemwayo, na ina fani, yaani namna yanavyosemwa. Katika maudhui tunatafuta dhamira, migogoro, ujumbe na msimamo wa mwandishi. Katika fani tunatazama muundo, mtindo, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha. Hayo mnayajua. Ila naomba mwelewe kwamba majina haya ni kama vyombo vya seremala. Seremala hapewi kazi kwa sababu anaweza kutaja randa, msumeno na patasi. Hupewa kazi kwa sababu watu wamekikalia kiti alichokitengeneza.

Tuchukue mfano mmoja. Ebrahim Hussein aliandika tamthilia ya Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969. Mwanafunzi wa kukariri huandika, "Dhamira ni ukombozi," akaweka nukta. Vema, lakini umejuaje? Uliza kwanza mandhari. Tupo kusini mwa Tanganyika chini ya Wajerumani, kuelekea Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Watu wanalimishwa shamba la bwana kwa nguvu huku nyumbani kuna njaa. Uliza kisha mhusika. Kinjeketile anawapa watu imani inayowaunganisha, halafu imani hiyo inamponyoka mikononi. Mwishoni Wajerumani wanamtaka aseme kwamba maji yale yalikuwa uongo, naye anakataa. Kwa nini akatae, hali yeye mwenyewe alikwisha kuingiwa na shaka? Ukilijibu swali hilo kwa kutumia tukio lenyewe, umeifikia dhamira kwa miguu yako mwenyewe, na msahihishaji ataona.

Tena jihadharini na kosa moja. Kinjikitile Ngwale wa historia alinyongwa na Wajerumani mwaka 1905. Kinjeketile wa tamthilia ni mhusika aliyeumbwa na mwandishi. Usimjibie mmoja kwa habari za mwingine.

Sasa namna ya kusoma. Soma kitabu mara mbili. Mara ya kwanza soma kwa kupata hadithi tu. Mara ya pili soma na penseli mkononi, na kila ukurasa uulize maswali matano: Nani anasema? Anamwambia nani? Wapi na wakati gani? Ni jambo gani linarudiwa? Na ni jambo gani halikusemwa?

Swali la tano ndilo gumu, nami nililijua kwa uchungu. Ndugu Mwenyekiti, naomba ruhusa nilieleze, maana hata wenzangu wa bweni wengi wao hawalijui.

Mwaka 1974 nikiwa Kidato cha Tatu hapa, nilipata barua kutoka kwa baba. Kijiji chetu kilikuwa ng'ambo ya ziwa. Baba aliandika kama wazee wote walivyoandika: salamu nyingi, sisi hatujambo, hofu ni kwako uliye mbali. Mvua imenyesha. Mdogo wako wa kike ndiye anayepika siku hizi, na amejitahidi. Yule ng'ombe mwekundu tumemwuza. Mama yako anakusalimu. Soma kwa bidii.

Niliisoma mara moja tu, nimesimama nje ya bwalo. Nikaona nyumbani kwema na kwamba fedha imepatikana. Nikajibu kuomba viatu.

Wiki tano baadaye ilikuja simu ya maandishi. Nilipofika, mama alikuwa amekwisha kuzikwa siku mbili. Usiku ule nilimwuliza baba kwa nini hakuniambia kwamba mama anaumwa. Baba alinitazama kwa muda, akasema, "Mwanangu, nilikuandikia."

Na kweli aliniandikia. Mtoto wa miaka tisa hapiki ikiwa mama yake anaweza kusimama jikoni. Yule ng'ombe mwekundu baba alikuwa akisema miaka yote kwamba hauzwi ila kwa ugonjwa. Mzee yule aliona haya kuweka neno zito moja kwa moja katika barua ya mtoto aliye masomoni, akaamini kwamba mtoto aliyemlipia karo asomeshwe kusoma atajua kusoma. Mimi wakati ule niliweza kueleza maana ya taswira na kinaya bila kukosea hata neno.

Wanafunzi wangu, sisemi haya ili mnionee huruma. Nilifundisha fasihi miaka thelathini na minne kwa sababu ya barua ile. Mtakapotoka hapa mtasoma mikataba, taarifa za mikutano, magazeti, na ujumbe mfupi wa simu kutoka kwa wazazi wenu. Hakuna atakayewapa noti zake. Itawabidi mjiulize wenyewe nani anasema, na ameacha kusema nini.

Kwa hiyo jioni hii, kabla ya ngoma, kila mmoja achukue sura moja tu ya kitabu chake, afunge daftari la noti, aisome mara mbili. Kesho asubuhi, kabla hatujaondoka, sisi wazee tutakaa chini ya mwembe ule wa zamani. Njooni mtueleze mmeona nini. Anayesema "dhamira ni" tutamwuliza, "Umejuaje?"