Gurudumu la Baiskeli Likiharibika: Litengenezwe au Libadilishwe?



Jambo nitakalolisema leo laweza kuonekana dogo mbele ya watu wazima, maana ni habari ya gurudumu la baiskeli. Walakini kila mmoja wetu anajua mizigo ichukuliwayo na gurudumu hilo: gunia la mahindi liendalo sokoni, madumu ya maji, mikungu ya ndizi, mtoto aendaye shule, na mara nyingine mgonjwa apelekwaye zahanati kutoka mahali pasipofika gari. Huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, tangu miaka ya 1960 watu walichukuliwa nyuma ya baiskeli kwa nauli, na huko ndiko lilikotoka jina la boda boda. Basi gurudumu likivunjika, hakivunjiki chuma peke yake; riziki nayo husimama, na pengine mtu huumia. Kwa hiyo nataka tuelewane juu ya mambo matatu: jinsi gurudumu libebavyo mzigo, jinsi liharibikavyo, na alama za kutujulisha lipi lafaa kutengenezwa na lipi lapasa kubadilishwa.

Kwanza, jinsi libebavyo mzigo. Gurudumu lina sehemu tatu kubwa: kitovu cha katikati, ambamo mna ekseli na gololi, ringi, yaani duara la chuma linalovikwa tairi, na spoki, yaani zile nyaya nyembamba ziunganishazo kitovu na ringi. Baiskeli nyingi za Kiingereza za zamani zilikuwa na spoki 32 mbele na 40 nyuma. Magurudumu mengi ya siku hizi yana spoki 36.

Watu wengi hudhani kwamba spoki ni kama nguzo za nyumba, zisimamazo na kuinua uzito. Sivyo. Shika spoki moja mkononi uisukume kwa ncha zake mbili: itapinda mara moja. Ivute, nayo haitakatika hata uchoke. Nguvu ya spoki imo katika kuvutwa. Gurudumu ni mfano wa ngoma. Ngozi ya ngoma hutoa sauti njema kwa sababu kamba zimeivuta pande zote kwa nguvu iliyo sawa; kamba zikilegea upande mmoja, ngoma huharibika. Vivyo hivyo ringi hukaa katika duara kwa sababu spoki zote huivuta kuelekea kitovu, nusu yao kwa upande wa kuume na nusu kwa upande wa kushoto. Mpango wa kuzipitisha spoki kwa kupishana, tunaouona mpaka leo, ulisajiliwa na James Starley wa Coventry, Uingereza, mwaka 1874.

Sasa tazameni mambo yazipatayo spoki njiani. Uzito ukikaa juu ya baiskeli, spoki zilizo chini karibu na ardhi hulegea kidogo; gurudumu likizunguka, hukazika tena. Gurudumu la inchi 28 huzunguka kiasi cha mara 450 katika kilometa 1. Mtu aendaye sokoni kilometa 10 na kurudi, kila spoki yake hulegea na kukazika kiasi cha mara 9,000 kwa siku hiyo moja. Spoki iliyokazwa vema huvumilia kazi hiyo kwa miaka mingi. Lakini iliyolegea huchezacheza shingoni, pale ilipopindwa kuingia katika kitovu. Nanyi mwajua kwamba waya ukipindwa huku na huku, mwisho hukatika. Wengi wakiona spoki imekatika husema, "Ilikazwa mno," wakazilegeza zilizobaki. Hivyo huongeza ugonjwa badala ya kuuponya.

Pili, jinsi liharibikavyo. Gurudumu la nyuma huharibika upesi kuliko la mbele, kwa kuwa ndilo libebalo sehemu kubwa ya uzito wa mwendeshaji, pamoja na mzigo wote wa keria, na tena ndilo livutwalo na mnyororo. Adui wake ni wanne. Wa kwanza ni mzigo uliozidi kiasi. Wa pili ni upepo mdogo katika tairi. Maana tairi likiwa laini, ringi hugonga jiwe yenyewe na kubonyea. Wa tatu ni kutu. Wa nne, aliye mbaya kuliko wote, ni uvivu wa mwenye baiskeli. Spoki moja ikikatika, jirani zake hubeba kazi yake juu ya kazi yao. Baada ya siku chache hukatika ya pili, kisha ya tatu, na ringi huanza kwenda upande kama mlevi. Mtu ambaye angalinunua spoki moja sasa hununua gurudumu zima. Wazee walisema kweli: usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa hiyo yafaa kulikagua gurudumu mara moja kila juma, na kila mara kabla ya safari ya mzigo. Pindua baiskeli, lizungushe gurudumu polepole, ukiishika chaki kwenye uma karibu na ringi. Ringi ikiigusa chaki mahali pamoja tu, hapo ndipo penye kasoro. Kisha zibinye spoki mbili mbili kwa vidole, ukizunguka gurudumu lote. Iliyolegea utaijua mara moja. Tena zigonge kwa kijiti: zilizokazwa hutoa sauti kali, na iliyolegea hutoa sauti nzito. Mwisho shika ringi uisukume kuume na kushoto. Ikicheza pamoja na kitovu, kasoro haimo katika spoki bali katika ekseli na gololi.

Spoki ikikatika njiani, shuka. Iondoe, au izungushe katika spoki jirani isije ikanasa. Mshushe abiria, upunguze mzigo, uende polepole au usukume. Usithubutu kumpakia mtu juu ya gurudumu la namna hiyo.

Ukifika nyumbani, tafuta spoki mpya iliyo sawa na zile nyingine kwa urefu na kwa unene. Kama iliyokatika ni ya upande wa mnyororo, hapana budi fundi aondoe kwanza gia ya nyuma. Ili ujue njia ya kuipitisha spoki mpya, hesabu kutoka pale penye pengo: spoki ya nne, kuume au kushoto, hupita njia ile ile, basi iige hiyo. Ondoa tairi na mpira wa ndani, uangalie ncha ya spoki isitokeze juu ya nati yake. Ikitokeza, ikate kwa tupa, la sivyo itatoboa mpira.

Ndipo ringi inyooshwe. Ikiegemea kuume, legeza spoki za kuume za mahali hapo, ukaze za kushoto. Ikiegemea kushoto, fanya kinyume chake. Ikitokeza nje kama kilima, kaza za pande zote mbili. Kila mara zungusha nati robo tu, kisha lizungushe gurudumu utazame tena. Ukilitazama kutoka upande wa tairi, nati hukazwa kwa kufuata mwendo wa mishale ya saa. Aliye na haraka huzungusha mara mbili au tatu kwa pamoja, akaharibu kazi ya saa nzima. Haraka haraka haina baraka.

Tatu, nije kwenye swali lenyewe: lipi litengenezwe, na lipi libadilishwe? Gurudumu lililokatika spoki moja au mbili, lililolegea, au linaloegemea kidogo, hilo hutengenezwa. Ukingo wa ringi ya chuma uliobonyea kidogo nao hunyooshwa kwa koleo. Bali ringi yenye ufa kwenye tundu za spoki au kwenye kiungo chake, iliyoliwa na kutu hata ikatoboka, au iliyobonyea hata breki ikikamata hushtuka, hiyo haina dawa. Ringi za alumini nazo huliwa na breki zibanazo ubavuni. Ubavu ukiwa umebonyea ndani kwa kulika, ibadilishwe kabla haijapasuka.

Je, ringi iliyopinda vibaya baada ya kuanguka? Jaribio lake ni hili. Zilegeze spoki zote, uitoe ringi, uilaze juu ya sakafu iliyo sawa. Ikilala vizuri, ringi ni nzima, na kupinda kulitokana na spoki, yaweza kurudishwa. Ikiinuka upande mmoja, chuma chenyewe kimepinda. Hapo ukiikaza kwa nguvu ya spoki, zingine zitavutwa mno na zingine zitalegea, na zile zilizolegea ndizo zitakazokatika. Wako watu huipiga ringi juu ya mti au huikanyaga mpaka inyooke. Kwa kuisukuma baiskeli ifike nyumbani, si vibaya. Lakini mtu asiihesabu kazi hiyo kuwa matengenezo. Na ikiwa spoki hukatika moja baada ya moja ingawa zilikazwa vema, basi zote zimechoka. Zibadilishwe zote kwa pamoja.

Tena sikilizeni neno la hatari. Gurudumu la nyuma likivunjika, aghalabu baiskeli husimama. La mbele likivunjika, mtu hurushwa kichwa mbele. Kwa hiyo msiweke kamwe ringi yenye shaka mbele kwa kusema, "Mbele hakuna mzigo."

Atakaye kununua ringi mpya aangalie mambo matatu. Tundu za ringi ziwe sawa kwa hesabu na tundu za kitovu. Ringi ya 36 haiendi na kitovu cha 40. Ringi ilingane na breki. Maana breki za vyuma vya zamani hubana upande wa ndani wa ringi, na breki za waya hubana ubavuni. Na kipimo kiwe chenyewe. Hapa wengi hupoteza fedha, kwa kuwa neno "inchi 28" lina maana zaidi ya moja. Tairi la 28 kwa 1½ la baiskeli za mizigo huvaa ringi ya milimeta 635. Tairi la baiskeli nyingi za mbio huvaa ringi ya milimeta 622, na hilo pia huitwa la 28. Tofauti ni milimeta 13 tu, lakini tairi la moja halikai katika ringi ya lingine. Basi someni tarakimu zilizoandikwa ubavuni mwa tairi, kama 40-635, mkamwonyeshe mwenye duka kabla ya kutoa fedha.

Nawaomba walimu wawafundishe vijana mambo haya kwa vitendo, maana ni hesabu na kazi ya mikono kwa pamoja. Nanyi machifu na wazee, yafaa kila kijiji, kwa njia ya chama cha ushirika au shule, kiwe na spana ya spoki, tupa, bomba la upepo, na spoki chache za vipimo vitumiwavyo hapo. Vitu hivyo vyote huenea katika mfuko mmoja. Na vijana wakifukia mashimo ya njia iendayo zahanati, watakuwa wamezitengeneza ringi nyingi kabla hazijaharibika.

Mgonjwa aliyepakiwa juu ya keria hawezi kukagua spoki; amemwamini mwenye baiskeli. Basi kila mwenye baiskeli na azikague kwa ajili yake.